Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kuhifadhi na Kula Tufaha kwa Faida ya Afya: Kijani, Jekundu au Manjano?

Maswali ninayoulizwa kuhusu matufaha yanafanana mno. Msomaji ameambiwa kwamba tufaha la kijani halina sukari; ananunua kilo mbili, anayamenya, anayasaga, anachuja, anakunywa glasi nzima kila asubuhi, na baada ya wiki tatu anauliza kwa nini kipimo chake cha sukari kimepanda badala ya kushuka. Mwingine amevutiwa na mekundu yanayong'aa, akayapanga kwenye bakuli mezani karibu na ndizi, na siku ya nne akauma kitu kilichokuwa kama unga mbichi. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa ajili ya watu hao wawili.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Tufaha ninalolizungumzia ni lile ambalo wachuuzi wengi huliita epo, tunda la nyanda za baridi. Wasomaji wa Unguja, Pemba na mwambao wanalo tofaa jingine, lenye ganda jembamba jekundu, nyama nyeupe ya majimaji na kokwa moja kubwa katikati. Hilo ni tunda zuri, lakini ni mti mwingine kabisa, na maelezo haya hayalihusu.

## Vitu vya kuandaa

- Mizani ya jikoni, hata ile ndogo ya kupimia unga.
- Kisu chenye makali na ubao wa kukatia.
- Bakuli la lita mbili na soda ya kuokea, yaani baikaboneti ya unga. Usitumie hamira wala magadi ya mawe.
- Mifuko ya plastiki yenye matundu madogo, na nafasi katika droo ya mboga ya friji.
- Ndimu moja.
- Kwa mwenye kisukari: kifaa cha kupimia sukari ya damu, vijiti vyake, na daftari.

Mashine ya kukamulia juisi haimo katika orodha hii, na sikuisahau.

## Hatua ya 1: Amua unalitaka kwa kazi gani, ndipo uchague aina

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ulimi huonja uwiano kati ya sukari na asidi; hauwezi kupima sukari peke yake. Tufaha la kijani aina ya Granny Smith huwa chachu kwa sababu lina asidi nyingi ya maliki, na asidi hiyo huifunika sukari iliyomo. Katika gramu 100 za Granny Smith pamoja na ganda mna takriban gramu 9.6 za sukari. Golden Delicious ina kama 10, Gala 10.4, Red Delicious 10.5, na Fuji, ambayo ni tamu kuliko zote hizi, ina kama 11.7. Kati ya aina chachu kabisa na aina tamu kabisa, tofauti ni kama gramu mbili tu, yaani nusu ya kijiko cha chai.

Ukubwa wa tunda hubadilisha hesabu hiyo kuliko rangi inavyoibadilisha. Granny Smith la gramu 180 lina sukari ipatayo gramu 17, ilhali Fuji dogo la gramu 120 lina gramu 14. Anayekula kijani kikubwa kwa kuogopa jekundu dogo amejiongezea sukari huku akikunja uso kwa uchachu.

Hata hivyo aina hazilingani, na kila moja ina mahali pake.

Granny Smith, la kijani kibichi, ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi kidogo kuliko mengine niliyoyataja: kama gramu 2.8 kwa kila gramu 100, wakati Fuji lina 2.1. Ni gumu, hukaa muda mrefu, na halivunjikivunjiki jikoni. Linafaa kwa kachumbari, kwa kupika, na kwa mtu ambaye uchachu humzuia kula matatu mfululizo. Faida hiyo ya mwisho mimi siidharau.

Red Delicious, lile jekundu la damu ya mzee lenye vinundu vitano chini, ndilo linalosemwa vibaya zaidi na walaji, na wana haki: mara nyingi hufika sokoni likiwa limechoka. Lakini ganda lake nene lina kiasi kikubwa cha polifenoli, yaani kemikali za asili za mimea, hasa antosiyanini, ambazo ndizo hulipatia tufaha wekundu. Ukilipata likiwa bado gumu, usilimenye. Pia usilipike, kwa maana huporomoka na kuacha uji usio na ladha.

Gala ni dogo, lina mistari myekundu juu ya manjano, ganda jembamba na harufu nzuri. Watoto hulipenda. Ubaya wake ni kwamba hupoteza ugumu mapema.

Fuji ni zito kwa mkono, tamu, na hudumu. Mara nyingine ukilikata utaona sehemu zinazopitisha mwanga karibu na kiini, kana kwamba limelowa. Huo si uozo, ni sukari na maji vilivyokusanyika nje ya seli, na watu wa Japani hulithamini tufaha la namna hiyo.

Golden Delicious ni la manjano, laini, lenye harufu inayokaribia asali. Huchubuka kwa kuguswa tu na hunyauka haraka lisipowekwa kwenye ubaridi. Cripps Pink, ambalo huuzwa pia kwa jina la biashara la Pink Lady, ni gumu, tamu na chachu kwa wakati mmoja, na kwa kuwa huvunwa mwishoni mwa msimu, hulipiwa bei ya juu.

Yapo pia ya kwetu. Njombe, Makete na Lushoto hutoa matufaha, na katika nyanda za juu za Kenya wakulima hupanda aina zisizohitaji baridi kali, kama vile Anna na Dorsett Golden. Anna hulainika upesi, kwa hiyo nunua ya kula wiki hiyo hiyo. Ukilipata likiwa limechumwa juzi, litalishinda kwa utamu la kigeni lililokaa ghalani miezi sita.

*Onyo:* usinunue tufaha la aina yoyote kwa ajili ya vitamini C. Gramu 100 za tufaha zina miligramu 4 hadi 5 tu, wakati pera la kawaida lina zaidi ya 200 kwa uzito uleule, tena kwa bei ndogo. Tufaha hununuliwa kwa nyuzinyuzi zake, hususan pektini, ambayo husaidia kupunguza lehemu mbaya katika damu na kulisha bakteria wazuri wa utumbo. Na kwa polifenoli zake. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu naye hufaidika, kwa sababu tufaha lina kama theluthi moja tu ya potasiamu iliyomo katika ndizi mbivu ya uzito uleule.

Hatua hii imekamilika unapoweza kutaja aina moja na sababu moja kabla ya kutoka nyumbani.

## Hatua ya 2: Soma kibandiko na katoni

Kibandiko kidogo kilicho juu ya tufaha hueleza aina na ukubwa. Namba 4017 ni Granny Smith kubwa, 4131 ni Fuji kubwa, 4016 ni Red Delicious kubwa, 4020 ni Golden Delicious kubwa, na 4130 ni Cripps Pink kubwa. Namba yenye tarakimu tano inayoanza na 9 huashiria kilimo hai.

Kuna ujumbe unaosambazwa kwenye simu usemao kwamba namba inayoanza na 4 ni ya tunda "lenye sumu" na inayoanza na 8 ni ya tunda lililobadilishwa vinasaba. Upuuze. Tarakimu nne humaanisha tu kwamba tunda ni la kilimo cha kawaida, na utaratibu wa namba 8 haukupata kutumika madukani.

Ukinunua kwa jumla, tazama pia idadi iliyochapwa ubavuni mwa katoni. Katoni nyingi zitokazo Afrika Kusini hubeba takriban kilo 18. Ikiandikwa 100, kila tunda ni kama gramu 180, na ikiandikwa 150, ni kama gramu 120. Kwa familia yenye watoto au mwenye kisukari, chukua ya 150. Ajabu ni kwamba mara nyingi huwa pia na bei nafuu, kwa kuwa wateja wengi hukimbilia makubwa.

## Hatua ya 3: Likague kwa jicho, kwa mkono na kwa pua

Mng'ao haukuambii lolote. Tufaha lina nta yake ya asili, na mara nyingi likioshwa kiwandani hupakwa nta nyingine inayoliwa ili lisinyauke. Ulikwangue kwa kisu, utaona unga mweupe. Hiyo ni nta, na wala si sababu ya kulitupa.

Fanya hivi badala yake. Lishike kiganjani na ulipime uzito: kati ya mawili yenye ukubwa sawa, zito ndilo lenye maji. Libonyeze kwa ubapa wa kidole gumba karibu na kikonyo, bila kutumia ukucha. Likibonyea hata kidogo, liache. Kisha tazama rangi ya chini, yaani ile iliyo nyuma ya wekundu, hasa kwenye shimo la kikonyo. Ikiwa kijani kibichi, lilichumwa mapema na halina utamu. Ikiwa manjano iliyokolea sana, limepitiliza. Unayoitaka ni ile ya katikati, ya malai yenye kijani kwa mbali. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa Granny Smith, kwa hiyo hilo litegemee mkono wako.

Ganda lililokunjamana kuzunguka kikonyo huonyesha kwamba maji yameshapotea. Harufu kama ya pombe inaonyesha kwamba tunda limeanza kuchachuka kwa ndani.

Kalenda nayo husaidia. Afrika Kusini huanza kuvuna Gala mwishoni mwa Januari na humalizia Cripps Pink kati ya Aprili na Mei. Kuanzia Septemba hadi Desemba, ya huko unayoyaona yametoka kwenye maghala ya baridi yaliyopunguzwa oksijeni. Hayana madhara, lakini katika miezi hiyo ni busara kuchagua aina zinazodumu, yaani Granny Smith, Fuji na Cripps Pink, na kuziacha Gala na Red Delicious.

Kipimo cha mwisho ni kununua moja na kulikata pale pale. Tufaha zuri hutoa mlio mkavu kisu kinapopita, na vitone vya maji huchomoza juu ya sehemu iliyokatwa. La unga hukatika kimya, na ukilisugua kwa kidole huacha chembechembe. Muuzaji mzoefu hatakukasirikia; wengi wao hukukatia wenyewe.

## Hatua ya 4: Hifadhi kwenye ubaridi, mbali na mboga

Tufaha huendelea kupumua baada ya kuchumwa, na hutoa gesi ya ethilini ambayo huliivisha lenyewe na majirani zake. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hulainika kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko likiwa kwenye nyuzi 0 hadi 4 za selsiasi. Ndiyo maana lile bakuli la mezani, zuri kwa macho, ndilo linaloharibu matufaha ya watu wengi.

Yaweke bila kuyaosha katika mfuko wenye matundu, ndani ya droo ya mboga. Matundu huzuia maji yasituame, na mfuko huzuia tunda lisinyauke. Yatenge na mchicha, matango na karoti: ethilini huyafanya majani kuwa manjano na karoti kuwa chungu. Lakini kama una parachichi gumu la kesho, lifunge pamoja na tufaha moja katika mfuko wa karatasi. Hapo gesi hiyo inafanya kazi unayoitaka.

Yapitie kila siku ya tatu. Lililochubuka liliwe kwanza, na lililoanza kuoza litolewe upesi, kwa kuwa ukungu huhama. Usikate sehemu iliyooza ukala iliyobaki kwenye tunda lenye ukungu: sumu iitwayo patulini inaweza kuwa imeshasambaa kwenye nyama inayoonekana nzima.

Granny Smith au Fuji zikibaki ngumu baada ya wiki tatu, umehifadhi sawasawa. Gala usiidai zaidi ya wiki mbili.

## Hatua ya 5: Osha wakati wa kula

Kwa kuwa tunataka kula ganda, kuosha si jambo la kupuuza. Yeyusha gramu 10 za soda ya kuokea, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji. Tumbukiza matufaha kwa dakika 12 hadi 15, yasugue kwa mkono, kisha yasuuze kwa maji safi yanayotiririka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walionyesha mwaka 2017 kwamba kipimo hicho huondoa mabaki ya dawa mbili walizozijaribu kwenye uso wa tufaha vizuri kuliko maji matupu, kwa sababu soda huzivunjavunja. Sehemu ya dawa iliyokwisha kupenya ndani ya ganda haitoki. Ukweli huo tuukubali.

Usitumie sabuni, kwani ganda linaweza kuinyonya. Usitumie maji ya moto pia: nta hugeuka nyeupe, ukadhani umeharibu tunda.

Kama huna soda, maji safi yanayotiririka na kusugua kwa nusu dakika ni bora kuliko kumenya.

## Hatua ya 6: Kata, kula, wala usikamue

Ukimenya tufaha unapoteza karibu nusu ya nyuzinyuzi zake, kutoka gramu 2.4 hadi kama 1.3 kwa kila gramu 100, pamoja na sehemu kubwa ya kwesetini, mojawapo ya zile polifenoli, ambayo hukaa kwenye ganda. Tufaha moja la wastani, la gramu 180 na ganda lake, hukupa zaidi ya gramu 4 za nyuzinyuzi kati ya zile 25 ambazo Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima azipate kila siku.

Kukamua hupoteza zaidi ya hapo. Shangazi yangu alikuwa akisaga manne ya kijani kila alfajiri, anachuja kwa kitambaa, makapi anawapa kuku, halafu anashangazwa na kipimo cha saa nne. Nikamwambia kwamba kuku wake wanakula dawa na yeye anakunywa sukari. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya tufaha ina takriban gramu 24 za sukari na nyuzinyuzi zisizofika hata gramu moja. Katika jaribio lililofanyika Uingereza mwaka 1977, watu walimaliza juisi mara kumi na moja kwa haraka kuliko matufaha mazima yenye sukari ileile. Walishiba kidogo, na insulini yao ilipanda zaidi. Kutafuna ni sehemu ya tiba.

Basi kata tufaha robo nne, toa kiini, na ule taratibu pamoja na ganda. Likikaa hewani hubadilika rangi kuwa kahawia kwa kazi ya kimeng'enya. Kamulia matone ya ndimu kama ni la kubebea kazini. Mbegu zina amigdalini, kemikali ambayo hutoa sumu ya sayanidi zikisagwa. Ukimeza mbili tatu kwa bahati mbaya hutadhurika, lakini usizitie kwenye blenda.

*Maonyo ya watu mahususi.* Mtoto mdogo asipewe kipande kigumu kibichi, kwa kuwa kinaweza kumkaba; mpikie kwa mvuke hadi kilainike, au umkwangulie. Mwenye kuhara asipewe juisi ya tufaha, maana fruktosi (sukari ya matunda) na sobitoli (kitu kitamu kinachofanana na sukari) zilizomo huvuta maji utumboni na kuzidisha hali. Anayetumia dawa ya mzio ya feksofenadini aimeze kwa maji, kwa sababu juisi ya tufaha hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Na baada ya kula tufaha chachu, sukutua kwa maji, kisha ngoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, ili meno yasisuguliwe yakiwa yamelainishwa na asidi.

## Hatua ya 7: Pima mwili wako unavyopokea

Kwa asiye na maradhi, tufaha moja au mawili kwa siku yanatosha kabisa, yakiwa sehemu ya gramu 400 za matunda na mboga zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Tumbo likijaa gesi, punguza hadi nusu tunda kwa mlo mmoja. Watu wengine hawazipokei vyema fruktosi na sobitoli, na kubadili rangi ya tufaha hakutawasaidia sana.

Mwenye kisukari afanye jaribio hili kwa siku nne, bila kugusa dawa alizoandikiwa. Siku ya kwanza, apime sukari, ale Granny Smith lenye uzito wa gramu 120 pamoja na ganda, kisha apime tena baada ya saa mbili. Siku ya pili, afanye hivyo hivyo kwa Fuji au Gala la uzito uleule. Siku ya tatu na ya nne arudie, safari hii akila kwanza konzi ndogo ya karanga. Saa iwe ileile kila siku, na asile kitu kingine katikati. Anayetumia insulini azungumze na daktari wake kwanza.

Aandike namba zote nane. Watu wazima wengi wenye kisukari hulenga kubaki chini ya 10 mmol/L saa moja hadi mbili baada ya kula. Kama siku zote nne zimebaki chini ya hapo, anunue aina anayoipenda. Kama zimevuka kwa aina zote mbili, rangi haina kosa: apunguze tunda hadi nusu na kuupima upya mlo wa asubuhi, hasa kile kikombe cha chai na andazi lake.